Mkanda Usioonja Mwanga

Semboja ni mwana wa Kilango. Kilango ni mwana wa Mbelwa. Mbelwa ni mwana wa Mhina, yule aliyeufunga mlango wa Nyumba ya Giza kwa mara ya kwanza na kuamuru kwamba usifunguliwe ovyo. Hao ndio wazee wake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuitwa barazani kujibu shutuma. Watu walipogombania mpaka wa shamba walimwita Mhina asimame katikati yao, asitamke neno, na ugomvi ukaisha kwa aibu ya kugombana mbele yake. Mbelwa alisoma hata mwalimu wake akawa anamsubiri afike ndipo darasa lianze. Kilango alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kila alipoingia kazini, ijapokuwa kazi yenyewe ilifanywa katika giza ambamo hakuna jicho ambalo lingeweza kuliona shati hilo. Alipoulizwa kwa nini anajisumbua, alijibu kwamba giza halimpi mtu mwenye adabu ruhusa ya kuvaa matambara. Kutoka kwa watu hao Semboja alirithi mgongo usiopinda, mwandiko ulionyooka, na mashaka. Hilo la mwisho ndilo alilolitunza kuliko yote.

Nyumba ya Giza ilikuwa kiwanda cha kutengeneza mikanda ya picha, ile filamu ambayo zamani kila kamera iliihitaji kama taa ya chemli inavyohitaji mafuta. Plastiki nyembamba, pana kama shuka, ilipita juu ya magurudumu marefu huku ikipakwa rojo lililopikwa kwa mifupa ya ng'ombe na kuchanganywa na chumvi za fedha. Tangu rojo lile lilipogusa plastiki, mkanda haukuruhusiwa kuonja mwanga hata wa njiti ya kibiriti, hadi siku utakapokuwa ndani ya kamera ya mtu na kufunguliwa jicho mara moja tu, kufumba na kufumbua. Kwa hiyo watu wa Nyumba walifanya kazi bila kuona. Walijuana kwa sauti, kwa harufu, kwa namna mtu anavyoburuta kiatu. Na desturi yao ilikuwa hii: anayetembea hulitaja jina lake, polepole, kila baada ya hatua chache, ili wenzake wasigongane naye. Aliyepita kimya alihesabiwa kuwa mwizi, au mgonjwa, au mtu ambaye hana hakika yeye ni nani.

Wakati mwingine Semboja alisikia humo majina ya watu waliokwisha kufa. Kwenye kona ya magurudumu ya mwisho sauti nzito ilisema, "Mbelwa... Mbelwa...", naye akajibana ukutani kumpisha babu yake. Hakushangaa. Mahali pasipo na asubuhi wala jioni, nani atawaambia wafu kwamba zamu yao imekwisha? Kuna siku aliitika mwenyewe alipoitwa Kilango, akatoa maagizo ambayo baba yake alikuwa ameyaacha nusu, nayo mashine ikatii.

Nje ya ukuta ulikuwapo Mji wa Kioo. Huko kila mtu alibeba kioo kiganjani, na picha zote za mji ziliishi ndani ya vioo hivyo, zikitunzwa na Ofisi ya Kioo. Picha za huko hazikuwa na mkanda. Hazikuwa na kitu chochote ambacho mtu angeweza kukishika kwa ncha za vidole akasema, hiki hapa, nilikuwa nacho siku ile. Na kila alfajiri Ofisi ilizirekebisha. Harusi iliyonyeshewa mvua iliamka ikiwa na jua. Kwanza ilibadilika picha. Kisha, kabla ya chai ya saa nne, zilibadilika na kumbukumbu, na shangazi wa bibi harusi, aliyepata kikohozi kwa kulowa siku ile, akakaa kitandani akijiuliza amekipata wapi. Nyuso nazo zilizifuata picha. Mtu alilala na kovu, akaamka hana. Watu walishukuru. Ni nani asiyeshukuru kuondolewa kovu?

Semboja. Semboja hakushukuru.

Swali lilimkalia kooni kama mfupa wa samaki: kitu kisichoweza kukataa kubadilishwa, je, chaweza kuwa shahidi? Mkanda ulikuwa mkaidi. Ukishaona umeona, waweza kuuchoma, waweza kuukata kwa mkasi, lakini huwezi kuubembeleza uone vingine. Kioo hakikuwa na ukaidi wowote. Kilikuwa na heshima za mtumishi anayeitikia ndiyo kwa kila bwana aingiaye. Na anayesema ndiyo kwa wote, alisema Semboja moyoni, mimi sitamwita aje kunishuhudia.

Kisha vijana wa mji wakaanza kurudi. Hilo ndilo lililomtia mashaka zaidi. Kwa muda mrefu hakuna aliyegonga lango la Nyumba. Magurudumu yalikuwa yakizunguka kwa uchache, kama mzee anayetembea ili asigande. Mara wakaja watoto wa watu wenye nywele za rangi, wakiulizia mikanda, wakiinusa, wakisema inapendeza, ina hali fulani. Baadhi yao wakaomba hata kazi, wakapewa. Wafanyakazi walifurahi. Semboja alisimama dirishani mwa baraza akawatazama.

Wanataka nini?

Jana walitucheka. Leo wanatununua.

Anayekununua amekupenda, au amekupima?

Na nyuma yao. Nyuma yao ni nani?

Aliyekuwa nyuma yao alifika siku moja adhuhuri, peke yake, amevaa suti ya kijivu isiyo na kikunyanzi. Alikuwa mjumbe wa Ofisi ya Kioo. Alikuwa pia, kwa jina na kwa mwendo, Mwanahamisi, binti wa binti yake Semboja, ambaye alikwenda mjini msichana na hakuonekana tena langoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mkuu wa Nyumba," alisema.

"Marahaba," alijibu Semboja, na moyo wake ukarudi nyuma hatua moja. Mheshimiwa! Mjukuu huyu, tangu alipojua kusema, alikuwa akimwita mume wangu, akimtania kwamba ameolewa na kibogoyo, na kwamba ataomba talaka siku meno ya mwisho yatakapong'oka. Sasa alimtazama kama karani anavyomtazama mtu wa foleni. Akatabasamu. Meno yake yalikuwa yamebanana kama punje za mahindi. Mama yake Semboja alikuwa na mwanya, dada zake walikuwa nao, binti yake alikuwa nao. Wanawake wa ukoo ule walitambulikana sokoni kwa kucheka tu. Huyu hakuwa nao.

Semboja alimwonyesha kiti.

"Nimeleta habari njema," alisema mjumbe. "Ofisi haitaki Nyumba hii ife. Fedha ya rojo tutaileta sisi. Wanunuzi tutawaleta sisi. Hao vijana umeshawaona. Tunachoomba ni kitu kimoja, na ni kazi mnayoijua. Nyumba ianze kusafisha picha zote za mji."

Semboja alihisi jambo ambalo hakulihisi kwa muda mrefu. Kusafisha picha! Katika lugha ya watu wake, tangu enzi za Mhina, kusafisha picha ni kuutia mkanda katika dawa hadi kile kilichoonwa kijitokeze. Picha isiyosafishwa ipo lakini haionekani; anayeisafisha haongezi wala hapunguzi, anaitoa tu mafichoni. Basi mji umechoka kudanganywa, aliwaza. Mji unataka kuona. Akaita chai.

Chai ililetwa na Mama Kihiyo, mpikaji wa rojo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Alimtazama mgeni kutoka viatuni hadi nywele.

"Hee! Mwanahamisi! Wamekupiga pasi wewe, au umejipiga mwenyewe?"

"Habari za kazi, Mama," alijibu mjumbe kwa adabu.

"Habari za kazi!" Mama Kihiyo aliirudia sauti ile kwa kubana pua. "Mtoto nilimfuta kamasi kwa khanga yangu mwenyewe, leo ananiuliza habari za kazi. Kunywa chai, bibi. Sukari unatia, au nayo ina mikunjo?" Akaondoka akicheka peke yake.

"Tukubaliane basi," alisema Semboja, na sauti yake ilikuwa na joto. "Mikanda ya kusafisha italetwa lini?"

"Ipi?"

"Hiyo ya picha za mji."

"Mikanda iko hapa tayari, Mheshimiwa. Ghala lenu lote, la tangu mwanzo. Hizo ndizo picha pekee ambazo Ofisi haijazifikia. Mtazipitia, mtazisafisha. Mikunjo, madoa, mvua. Watu waliosimama mahali pasipofaa."

"Watu?"

"Wanasafishwa."

Kikombe cha Semboja kilirudi katika sahani taratibu. Ndani ya kifua chake neno lilikuwa limeanguka na kupasuka vipande viwili, na kila kipande kilikuwa na sauti ileile. Kusafisha. Alikuwa amelishangilia kama mtu anayemkumbatia ndugu yake stesheni, kisha akagundua kwamba ni mgeni aliyevaa koti la ndugu huyo. Hivi ndivyo wanavyoingia, aliwaza. Hawavunji mlango. Wanakuja na neno lako mwenyewe, wakiwa wameling'arisha, wanakurudishia, nawe unalipokea kwa mikono miwili na kuagiza chai. Kama wangesema kufuta, ningesimama. Kama wangesema kuua, ningepiga kelele. Wamesema kusafisha. Nani anayekataa usafi? Na ni maneno mangapi mengine ambayo tumekwisha kuyapokea namna hiyo, tukiyatumia kila siku mezani petu, bila kujua kwamba ndani yake amehamia mpangaji mwingine?

"Na nikikataa?" aliuliza.

"Babu, usi..." Mjumbe alinyamaza. Kitu kilipita usoni mwake, kama kivuli cha ndege juu ya maji. "Samahani. Mheshimiwa, usikatae."

Semboja alilisikia lile neno Babu lilivyotoka, bila pasi. Akainuka. Macho yake hayakuweza tena kumwambia huyu ni nani, maana macho yalikuwa mali ya mji. Akasema, "Kabla sijajibu, njoo uione Nyumba," akacheka kidogo, kwa sababu ndani ya Nyumba hapakuwa na kitu cha kuona.

Walipita mlango wa kwanza, ukafungwa; wakapita wa pili, ukafungwa; na weusi ukawapokea, mzito, wenye harufu ya mifupa iliyochemka na chuma kibichi. Magurudumu yalivuma. Mkanda ulikuwa ukipita kando yao, mpana, mbichi, na Semboja alijua kwamba ile ndiyo fedha ya mwisho. Baada ya mpako ule, sufuria la Mama Kihiyo halikuwa na kitu.

"Semboja," alitaja alipokuwa akitembea. "Semboja."

"Kihiyo na uzito wake wote," ilisikika kutoka upande wa sufuria, na vijana fulani wakacheka.

Nyuma yake palikuwa kimya.

"Taja jina lako," alisema. "Humu hatutembei kama wezi."

Kisha sauti ikasema, "Mwanahamisi."

Semboja alisimama pale pale. Ile silabi ya mwisho ilikuwa imetoka na filimbi ndani yake, filimbi nyembamba, upepo uliopita katikati ya meno mawili yasiyogusana. "Tena," alisema.

"Mwanahamisi."

"Tena!"

"Mume wangu, umekuwa kiziwi juu ya ukibogoyo?"

Aliufuata utani ule kwa mkono hewani hadi akaupata uso. Akapitisha kidole, bila kuomba ruhusa, kama alivyokuwa akifanya mtoto huyu alipoota meno. Mwanya ulikuwapo. Mji uliuondoa kwa yeyote mwenye macho. Haukuwa umeuondoa kinywani. Binti alikuwa akilia, na kilio chake nacho kilikuwa na filimbi.

"Sijui nimeanza lini," alisema. "Nilipewa picha yangu, ikawa nzuri kunishinda. Nikawa kila asubuhi ninamkimbilia yule wa pichani. Babu, nisikilize. Mkononi nina taa."

Watu wote waliacha kucheka.

"Ndogo tu. Walisema ni kwa ajili ya kukagua kazi. Lakini najua, na wao wanajua najua. Ukikataa niiwashe. Mkanda wote huu utaona kila kitu kwa pamoja, na kitu kinachoona kila kitu kwa pamoja hakioni tena chochote, wewe ndiye uliyenifundisha. Na nisipoiwasha..." Alivuta pumzi. "Nisipoiwasha nitasafishwa mimi. Kesho hakuna atakayenijua. Nitapita sokoni kama harufu."

Semboja alisikia kidole gumba cha binti kikicheza juu ya swichi. Tik, bila kufika. Tik. Angeweza kumrukia. Alikuwa na mikono ya mtu aliyeinua mapipa. Lakini aliijua taa, na alimjua mjukuu, na hakuwa na hakika ni yupi kati yao angemshika kwanza. Na alishuku jambo baya zaidi: kwamba kilio hiki, mwanya huu, mume wangu hili, vyote vilikuwa vimepangwa na Ofisi ili moyo wake ulainike kabla ya mwanga. Walilichukua neno kusafisha. Kwa nini washindwe kuchukua filimbi?

"Kubali tu, Babu," alisema binti. "Unalinda nini? Hao vijana wanaonunua mikanda yako, wakishaisafisha, kusafisha kwako wewe, wanaipiga picha kwa kioo siku hiyohiyo. Picha inakwenda Ofisini kama nyingine zote. Hujaokoa kitu. Unawauzia pambo."

Lilikuwa neno la kweli, na Semboja hakuwa mtu wa kulikwepa neno la kweli. "Wakishaupiga picha," aliuliza, "mkanda wenyewe wanaupeleka wapi?"

"Wanautupa kwenye droo. Wanausahau."

"Basi upo."

"Upo, lakini nani anautazama?"

"Hakuna. Upo tu, umelala, na Ofisi haijui ni droo ipi. Siku mji utakapoambiwa kwamba mvua haikunyesha, mtu mmoja anayetafuta sindano atafungua droo, na mvua itakuwa ikinyesha humo. Mwanahamisi, mimi sina ndoto kwamba magurudumu haya yatazunguka tena kama zamani. Hayatazunguka. Kioo kimeshinda, kina kasi, kina bei nafuu, na watu hawatarudi kusubiri wiki kuona picha ya mtoto. Kazi ya Nyumba hii tangu sasa ni ndogo, na itabaki ndogo: kuwatengenezea watu kitu ambacho hakikubali kubembelezwa. Kidogo. Cha kutosha kuingia kwenye droo. Hicho ndicho wanachokiogopa, ama sivyo wasingekutuma."

"Na mimi?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mimi niingie droo ipi?"

Semboja hakuwa na jibu laini. Alikuwa amelelewa na watu wasiotoa majibu laini, na hakuona kwamba sasa ndio wakati wa kuanza. "Ukiiwasha," alisema, "nitakuona. Nina hamu ya kukuona, mke wangu, sikufichi. Sijakuona tangu uondoke. Nitakuona una meno ya watu wengine. Na wewe utaniona mimi, na hapatakuwa tena na mahali popote duniani pa kukusikia. Usipoiwasha watakufuta huko. Hilo siwezi kulizuia. Watu wa soko watakupita. Utaishi huku kwenye kazi ngumu, pamoja na mzee asiyekuamini bado, na sitakuona hata siku moja. Chagua. Mimi sikuombi."

Magurudumu yalivuma. Kutoka kwenye kona ya mwisho mtu alikohoa, na hakikuwa kikohozi cha yeyote aliye hai.

Tik.

Kisha kikasikika kitu cha plastiki kikifunguka kwa ukucha, na kitu kidogo, cha duara, kikaanguka sakafuni, kikaviringika mbali chini ya mashine, polepole, kikapiga chuma, kikatulia.

"Hiyo ni betri," alisema Mwanahamisi.

Mama Kihiyo alitoa pumzi kama sufuria lililofunuliwa. Kijana mmoja akaanza kupiga makofi. Semboja alimnyamazisha. Alijua kwamba taa huweza kuwa na betri ya pili. Alijua kwamba aliyetumwa mara moja huweza kutumwa mara mbili. Alimshika binti kifundo cha mkono, si kwa upole, akamweka kati yake na Mama Kihiyo, akakiweka kidole cha binti kwenye ukingo wa mkanda unaopita, pale ambapo rojo haligusi na mtu aweza kuhisi kama umenyooka au unayumba.

"Na ninyi wengine mlioletwa hapa na mtindo," alisema, na mgongo wake ulinyooka ingawa hakuna aliyeuona, "mnaodhani mmekuja kucheza na vitu vya babu zenu: acheni kuitafuta hiyo betri. Sogeeni. Mkono mmoja kwenye ukingo, kila mtu, na mdomo ufungwe. Mkihisi mkanda unayumba, semeni hapo hapo. Msingoje aseme mwingine. Mkiletewa neno tamu, liulizeni limetoka kwa nani kabla ya kuagiza chai. Nitawafundisha kupaka tangu mwanzo hadi mwisho, mara moja tu, kwa sababu fedha ni ya mara moja tu. Nisikilizeni. Nasema nisikilizeni, vijana, maana sitarudia."